Kisogo Kina Vinundu, Kichwa Kinawasha: Tafuta Chanzo Kabla ya Dawa

Jumamosi moja jioni kijana wa boda aliingia saluni kwangu hapa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, akavua helmeti, akageuza kisogo kwenye kioo na kusema, "Mzee, mashine yako imenipa ugonjwa." Nilimketisha, nikawasha taa ya simu, nikapitisha kidole. Vipele saba kwenye mstari wa nywele: viwili vina usaha, vitano vigumu kama punje za mtama. Nikamuuliza anapaka nini. Akatoa mfukoni tyubu iliyominywa hadi shingoni. Ilikuwa ya dada yake, aliyepewa kwa ajili ya mapunye ya mtoto.

Wateja wengi huja hivyo, na dawa ya mtu mwingine mfukoni. Kichwani matatizo hufanana kwa macho lakini yana vyanzo tofauti, na kitu kinachomponya huyu ndicho kinachomharibu yule. Mafuta huokoa ngozi kavu na kulisha mba. Krimu ya steroidi, yaani dawa ya kushusha uvimbe, hutuliza vinundu vya kisogo, lakini ukiipaka juu ya mapunye fangasi hunenepa chini yake. Ndiyo maana nimepanga maelezo haya kwa malalamiko ninayoyasikia kitini. Tafuta la kwako.

Kwanza kichunguze kichwa

Simama mahali penye mwanga wa jua, si taa ya saluni, na mtu mwingine akusaidie upande wa nyuma. Jiulize mambo matatu. Ni wapi hasa: paji, panja, utosi au kisogo? Ilianza lini, na miezi miwili au mitatu kabla ya hapo uliugua, ulibadilisha kinyozi, ulianza kuvaa kofia mpya? Na pale nywele zilipotoka ngozi ikoje: laini kama shavu, ina magamba, ina vidoa vyeusi, au ina kovu linalong'aa? Swali hili la tatu ndilo huamua mengi. Mahali penye kovu linalong'aa shina la nywele limekwisha kufa, na hakuna mafuta ya sokoni yatakayolifufua.

Ujue pia kilicho cha kawaida. Unywele wa kichwani hukua kama sentimita moja kwa mwezi, hukua hivyo kwa miaka kadhaa, kisha hupumzika kama miezi mitatu na kudondoka. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa. Mwenye nywele fupi haoni. Mwenye rasta huziona zote pamoja siku ya kuosha, akaogopa bure.

Jambo la mwisho ni umbo. Nywele zetu za kipilipili hazijikunji baada ya kutoka nje tu, hata shina lake ndani ya ngozi limepinda. Ukiukata unywele huo karibu sana na ngozi, ncha yake hubaki imechongoka kama mshale na uelekeo wake ni kurudi ilikotoka. Hiyo ndiyo siri ya vipele vya kisogo na vya ndevu.

"Kisogo kina vinundu vigumu"

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu mimi mwenyewe ninalo kovu kisogoni la ukubwa wa harage. Nilipokuwa najifunza kazi, mimi na mwenzangu tulinyoana kila baada ya siku mbili. Mashine bila kitana, yale meno ya plastiki yanayoachia urefu, kisha wembe kuzungushia shingo, mstari uonekane kama umepigwa rula. Mwezi wa kwanza nilisikia muwasho tu usiku baada ya kunyolewa. Nikapaka spiriti. Mwezi wa tatu vikawa vigumu. Nikavitoboa kwa pini nikidhani kuna usaha ndani. Ikatoka damu tupu. Palipokuwa na vinundu vinne pakawa na uvimbe mmoja ambao hauoti nywele hadi leo.

Chanzo chake ni kunyoa karibu mno, mara kwa mara, mahali ambapo nywele zimepinda na pia panasuguliwa. Angalia kinachogusa kisogo chako siku nzima: kola ngumu ya shati, ukingo wa helmeti, mkufu. Mashine chafu huongeza bakteria na kuleta usaha, lakini hata mashine safi kama sindano ya hospitali itakuletea vinundu ukiipitisha sifuri, yaani bila kitana, kila wiki. Kwa hiyo yule kijana wa boda alikuwa na haki nusu. Mashine ilichangia. Ila sifuri aliiomba mwenyewe, na nilipojaribu kumwachia kidogo alikuwa akiniambia, "Toa yote, nitaonekana mshamba."

Hatua zake hutegemea umri wa vinundu.

Kama ni muwasho na vipele laini vya wiki chache, acha wembe na sifuri kisogoni mwezi mzima. Mwambie kinyozi aache namba moja, yaani milimita tatu hivi, na mstari wa shingo uishie kwa kufifia badala ya kuchongwa. Osha mahali hapo kila siku kwa dawa yenye klorheksidini au benzoili peroksaidi, ambazo duka la dawa linazo. Benzoili peroksaidi huchujua rangi ya taulo na kola, usije ukanilaumu. Wengi huishia hapa na kupona.

Kama vimekuwa vigumu, nenda kliniki. Mtaalamu anaweza kukupa krimu kali ya steroidi ya kupaka pale pale tu kwa muda aliopanga, na pengine vidonge vya antibiotiki kwa wiki kadhaa. Kikishakuwa kinundu kikubwa, huchomwa sindano za steroidi ndani yake au hupasuliwa na daktari anayejua kazi hiyo. Usikubali mtu wa mtaani akikatie kwa wembe. Kikikatwa vibaya hurudi kikiwa kimeleta ndugu zake.

Na usikitoboe. Nimeshakuonyesha harage langu.

"Nikinyoa ndevu, natoka vipele"

Ni kaka wa tatizo la kisogo. Hapa ncha iliyochongoka hujipinda na kuingia tena kwenye ngozi, au hukatwa chini ya ngozi na kutobolea ndani kwa ndani. Mwili huuona unywele huo kama mwiba, ukavimba. Utaitambua hivi: vipele hutokea siku moja au mbili baada ya kunyoa, zaidi shingoni chini ya taya ambako nywele huota zikielekea kila upande, na ukitazama kwa kioo cha kukuzia utaona kitanzi cheusi kidogo ndani ya kipele. Chunusi za kawaida hazingojei wembe. Huja hadi kwenye paji na pua. Ukiona duara lenye ukingo uliovimba na magamba kidevuni, hilo fikiria fangasi.

Dawa ya uhakika ni kuacha kunyoa wiki nne. Wiki ya kwanza huwa mbaya kuliko kabla hujaacha, na wengi hukata tamaa hapo. Vumilia. Unywele ukifika karibu sentimita moja hujivuta wenyewe na kutoka nje kama springi. Ukiona kitanzi, kinyanyue kwa sindano iliyopitishwa kwenye spiriti, lakini usiung'oe unywele. Ukiung'oa, utakaoota baada yake utaanzia safari yake ndani.

Kuna wasioweza kuacha. Nina mteja mwanajeshi ambaye Jumatatu lazima asimame gwarideni kidevu kikiwa safi. "Afande," nilimwambia, "safi si lazima iwe sifuri." Tangu hapo namnyoa kwa mashine ikiacha kama milimita moja, kwa umbali wa hatua mbili hakuna anayejua. Akilazimika kutumia wembe, huweka taulo lenye maji ya moto usoni dakika chache, hupaka povu zito, hufuata uelekeo wa nywele, havuti ngozi kwa kidole, na hapiti mahali pamoja mara mbili. Wembe wa makali mamoja ni bora kwake kuliko ule wenye makali matatu au manne: makali ya kwanza huvuta unywele, ya pili hukata, nao ukirudi unajikuta chini ya ngozi. Ikishindikana kabisa, daktari anaweza kumwandikia barua ya kuruhusiwa ndevu fupi.

Ule unga wa kuondoa ndevu unaonuka kama yai viza hufanya kazi kweli, kwa sababu huyeyusha unywele na kuacha ncha butu. Ila ni kemikali kali. Soma dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, ziheshimu, na pumzika siku kadhaa kati ya mara moja na nyingine. Nimeona mtu aliyesinzia nao usoni; alikuja kwangu na kidevu kilichobabuka kama cha aliyemwagikiwa uji.

"Kichwa kinatoa unga mweupe"

Hapa ndipo mafuta yanapoharibu kazi. Kuna ngozi kavu na kuna mba, na matibabu yake yanapingana.

Ngozi kavu hutoa unga mdogo, mkavu, mweupe, na mara nyingi mikono na miguu nayo imepauka. Huzidi kiangazi cha Desemba hadi Februari, vumbi likiwa jingi, na kwa wanaoosha kichwa kila siku kwa sabuni ya mche. Sabuni ile ni ya nguo. Ukali wake huondoa mafuta ya asili na kuiacha ngozi ikikaza. Badilisha kwa shampuu ya kawaida mara moja au mbili kwa wiki, paka mafuta kidogo ngozi ikiwa bado na unyevu, na ndani ya wiki mbili utaona tofauti.

Mba ni kitu kingine. Magamba yake ni makubwa kidogo, yana rangi ya manjano, yana utelezi, na kichwa huwasha hasa baada ya jasho. Chanzo ni chachu inayoishi kwenye ngozi ya kila mtu na kula mafuta ya ngozi. Kwa wengine ngozi huichukia. Sasa fikiria mtu mwenye mba anayepaka mafuta kila asubuhi ili kuficha unga. Anaikaribisha chachu mezani. Mimi mwenyewe miaka ya mwanzo nilikuwa nawapaka wateja mafuta mengi, wanatoka waking'aa, Ijumaa inayofuata wanarudi wakijikuna, nami nawauzia kopo jingine. Sikuwa tapeli, nilikuwa sijui.

Tumia shampuu yenye ketokonazoli ya asilimia 2. Lowesha kichwa, paka hadi kwenye ngozi, acha dakika tatu hadi tano, kisha suuza. Hizo dakika ndizo dawa; wengi humwaga maji mara moja na kusema haifanyi kazi. Mara mbili kwa wiki kwa wiki mbili hadi nne, halafu mara moja kila wiki au mbili isirudi. Zenye zinki pirithioni au seleniamu salfaidi pia husaidia. Mafuta ya kichwani acha mpaka utulie.

Je, magamba yameshuka hadi kwenye nyusi, pembeni mwa pua, nyuma ya masikio na kifuani? Bado ni ndugu wa mba, ila ni mkali, na shampuu pekee huenda isitoshe. Likikujia ghafla kwa nguvu ukiwa mtu mzima na halisikii dawa, pima VVU. Si kwamba kila mwenye mba anayo, hapana. Ila kinga ya mwili ikishuka, ngozi hii huwa miongoni mwa za kwanza kusema, na kipimo ni bure katika vituo vya afya vya serikali.

Kama magamba ni mazito, meupe kama fedha, yameshikana kama saruji na yanavuka mstari wa nywele hadi kwenye paji, na viwiko au magoti nayo yana mabaka, huenda ni soriasisi. Hiyo ni ya daktari.

"Nywele zimetoka mabaka mabaka"

Gusa baka. Kidole kitakueleza zaidi ya jicho.

Kama lina magamba, nywele zimekatikia juu juu na kuacha vidoa vyeusi, na linawasha, ni mapunye, ambayo Waganda huyaita ebiguuna. Ni fangasi walioingia ndani ya unywele wenyewe, na hapo ndipo krimu hushindwa: haifiki waliko. Dawa yake ni vidonge, kama griseofulvini au terbinafini, kwa wiki kadhaa kwa kipimo cha mhudumu wa afya. Griseofulvini humezwa pamoja na chakula chenye mafuta, la sivyo mwili hauipokei vizuri. Ugonjwa huu ni wa watoto zaidi. Mwanaume mzima akija nao, mimi huuliza habari za watoto nyumbani, taulo wanalochangia, na paka au mbwa mdogo mwenye manyoya yaliyonyonyoka. Ukitibu mmoja na kumwacha wa kitanda cha pili, mwezi ujao mko palepale. Shampuu ya ketokonazoli kwa nyumba nzima hupunguza kuambukizana, lakini haitoshi peke yake.

Zile tyubu zenye dawa tatu ndani yake, ya fangasi, ya bakteria na steroidi, huuzwa kila duka. Hupunguza muwasho siku tatu, baka linafifia, mama anafurahi. Fangasi anaendelea chini kwa chini na baadaye hata daktari hupata tabu kumtambua. Baka likivimba, likawa laini kama tunda lililooza na kutoa usaha, usilipasue, si jipu. Ni mwili unapigana na fangasi, na ukichelewa pataachwa kovu.

Kama baka ni duara, limetokea ghafla, ngozi ni laini kabisa, haiwashi, haina gamba, basi si fangasi wala si uchawi wa jirani. Kinga ya mwili imeyashambulia mashina ya nywele kwa makosa. Mashina hayajafa. Kwa wengi, baka moja au mawili huota tena lenyewe ndani ya mwaka, mara nyingine kwa nywele nyeupe kwanza. Daktari wa ngozi anaweza kuharakisha kwa sindano ndogo za steroidi. Kitunguu na tangawizi vya kusugulia huunguza ngozi tu. Nimewaona wakija na baka lililogeuka kidonda.

Kama ni mabaka madogo mengi, yasiyo na mpaka, kichwa kama nguo iliyoliwa na nondo, na pengine ulikuwa na vipele viganjani au kwenye nyayo, nenda upimwe kaswende. Nimemwambia hivyo mteja mmoja tu katika miaka yangu ya kazi, nikiwa nimeinama sikioni mwake ili benchi lisisikie. Hutibika kwa penisilini, na nywele hurudi.

Wenye rasta na misuko waangalie panja na mstari wa paji. Nywele zikipungua pale zinapovutwa, legeza. Msuko unaouma usiku wa kwanza umekazwa mno. Ukiendelea miaka, mashina hufa.

"Paji linarudi nyuma"

Likianzia panja zote mbili au utosini, polepole, bila muwasho, ngozi ikiwa nzima, na baba au mjomba yuko hivyo hivyo, ni upara wa kurithi. Hutoka upande wa baba na wa mama pia. Homoni ya kiume hupunguza mashina kidogo kidogo hadi yatoe vinyoya tu. Kofia haileti upara, helmeti haileti, wala maji ya Nile.

Dawa zenye ushahidi zaidi ni mbili. Minoksidili ya kupaka ya asilimia 5, mara mbili kwa siku, ambayo ilianza kama dawa ya presha hadi wagonjwa walipoota nywele kila mahali. Wiki za mwanzo nywele huweza kudondoka zaidi, na matokeo hungojewa miezi minne au zaidi. Ukiacha, ulichopata huondoka. Nyingine ni kidonge cha finasteridi cha miligramu 1, kilichoidhinishwa kwa upara Marekani mwaka 1997, na hicho ni cha kuandikiwa na daktari. Wachache hupungukiwa nguvu za kiume wakikitumia, na mke mjamzito asishike kidonge kilichovunjika. Zote mbili hulinda zilizopo kuliko kurudisha zilizokwenda. Chaguo la tatu halina gharama ya kila mwezi: kunyoa kipara, ambacho wengine hapa huita Jordani. Upara nao una heshima zake. Mzee mwenye utosi unaong'aa hupishwa kiti kwenye arusi kabla hajajitambulisha.

"Zinadondoka zote, kichwa kizima"

Hesabu nyuma miezi miwili au mitatu. Malaria kali, taifodi, upasuaji, kupungua uzito ghafla, msiba? Mwili huamuru nywele nyingi zipumzike kwa pamoja, kisha zote hudondoka kwa pamoja. Hutisha, lakini hurudi ndani ya miezi sita hivi bila dawa. Zisiporudi, pima damu na tezi ya shingo.

"Haziongezeki urefu"

Zinakua, ila zinakatika. Unywele wa kipilipili ni bapa na una kona nyingi, na kila kona ni mahali pa kuvunjikia. Mafuta ya ngozi nayo hayawezi kupanda ngazi hiyo hadi kwenye ncha. Angalia sinki au taulo: unywele wenye kifundo cheupe upande mmoja umetoka na mzizi, kipande kisicho nacho kimevunjika. Chana ukiwa umeulowesha na kuupaka kondishona, kwa chanuo lenye meno mapana, kutoka nchani kuelekea kwenye ngozi. Kuchana asubuhi ukavu ukavu, huku unavuta na machozi yanakutoka, ni kuvuna kabla ya msimu.

Kwa mafuta, huku kaskazini tuna bahati ya shea, ambayo Waacholi huita moo yaa. Shea ya Uganda ni ya jamii ya nilotica na ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi. Ukiiweka kiganjani huyeyuka kabla hujasugua. Chukua ya ukubwa wa punje ya hindi, paka kwenye nywele zenye unyevu, si kwenye ngozi kama una mba. Nunua yenye harufu ya moshi na karanga. Isiyo na harufu kabisa na nyeupe kama chaki imesafishwa kiwandani au imechanganywa.

"Rangi nyeusi imenivimbisha"

Rangi nyingi za kuficha mvi zina kemikali inayoitwa PPD. Mtu huitumia miaka bila shida, kisha siku moja mwili unakataa: muwasho, malengelenge, macho kufumba. Ikitokea, osha kwa maji mengi na usiitumie tena maishani, hata ya kampuni nyingine, wala hina nyeusi. Kabla ya kutumia mara yoyote paka tone ndani ya kiwiko, subiri saa 48. Uso au ulimi ukivimba, au pumzi ikibana, nenda hospitali papo hapo.

Na kama kosa ni la mashine

Wateja, muangalieni kinyozi wenu kabla hajawagusa. Vinyozi wenzangu, hii ni yetu.

Mashine inavuta nywele: kwanza itilie mafuta matone mawili au matatu mepesi ya mashine, si ya kupikia, ambayo hugeuka gundi. Kama bado inavuta, angalia umeme. Mashine za sumaku hufuata mdundo wa umeme wenyewe. Kwa hezi 50 blade hupita kama mara 6,000 kwa dakika. Ukitumia inveta dhaifu ya sola, nguvu hushuka, blade inatembea nusu njia, unywele unakamatwa badala ya kukatwa. Mashine iliyoletwa kutoka Marekani bila transfoma ni hadithi fupi: ile ya volti 110 kwenye 240 yetu hutoa moshi siku ya kwanza.

Mashine inanguruma kama bodaboda mbovu: geuza skrubu ya pembeni kuelekea kulia hadi ipige kelele ya kugonga, kisha irudishe polepole hadi itulie. Hapo ndipo nguvu yake.

Mashine inakwaruza: blade ya juu imesogezwa hadi sawa na ya chini ili inyoe "sifuri kabisa". Irudishe nyuma kidogo, chini ya milimita moja. Blade ikipata moto, zima mashine, usiipulizie mdomo.

Kuhusu usafi, yale makabati yenye taa ya bluu hayatoshi. Mwanga huua kile unachokigusa tu, na nywele na mafuta yaliyokwama kati ya meno hukiweka kivulini. Piga brashi kwanza, kila mteja, kisha spiriti ya asilimia 70 hadi ilowe na ikauke yenyewe. Vitana vya plastiki, na blade uliyoifungua, loweka dakika kumi katika jiki ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa sita vya maji, suuza, kausha, tia mafuta, kwa sababu jiki hula chuma. Wembe ni wa mtu mmoja, mara moja, uvunjwe mbele yake. Virusi vya hepatitisi B huweza kukaa hai nje ya mwili siku saba hata kwenye damu iliyokauka usiyoiona, na ugonjwa huo umeenea zaidi huku kaskazini kuliko kusini mwa nchi. Kinyozi achanjwe dozi zote tatu. Mteja naye asione haya kuja na mashine yake mwenyewe. Mimi simtozi pungufu wala zaidi.

Yule kijana wa boda bado anakuja. Ameweka kitambaa cha pamba ndani ya helmeti, anakifua kila jioni, na helmeti huilaza juani chali. Vitano kati ya vile saba vimekwisha. Viwili bado vigumu, kliniki imempa krimu na tarehe ya kurudi. Jumamosi iliyopita aliketi, akajitazama kiooni muda mrefu, akaniambia, "Namba moja, mzee. Lakini mbele unichonge."

Mbele nilimchonga.